Bomba la Milimita Ishirini na Mbili

Jumapili, Mei 1935. Kericho.

Mvua imeanza mapema leo, kabla ibada haijaisha, na bati za laini, nyumba zetu wafanyakazi, zinapiga kelele mpaka siwasikii watoto wa jirani. Viatu vimelowa. Lakini roho imetulia. Tangu Jumatano nilikuwa nakula bila kujua ladha. Leo nimemaliza ugali na omena nikapangusa sahani.

Kipande changu, ile karatasi ya kazi ninayovaa shingoni, bado ni safi. Hilo ndilo neno la leo.

Niandike jinsi ilivyokuwa, maana najua kule ofisini itasimuliwa vingine.

Bwana Meneja wa shamba letu la chai anajenga ndege, ya kubeba watu wawili, ndani ya banda la zamani la kunyausha majani chai. Ramani aliagiza Amerika kwa posta, na kila kipimo kimeandikwa kwa inchi. Mabomba ya inchi yangechukua miezi kufika, kwa hiyo akanunua yaliyokuwepo Kisumu, dukani kwa Mhindi mmoja: mabomba ya Kijerumani, ya milimita. Mtambo wa kuchomelea ni wa Kifaransa. Basi ramani ina lugha yake, bomba lina yake, moto una yake, na wa kuwapatanisha ni mimi, ninayelipwa mshahara wa kufunga mabomba ya mvuke kiwandani.

Moto haukunisumbua sana. Ramani inataja namba ya mdomo wa moto wa Kiamerika, na midomo yetu imepigwa namba kwa lita za gesi kwa saa. Nilichoma vipande vya taka asubuhi tatu mpaka nikajua: kwa chuma cha unene wa milimita moja, mdomo wa 100. Ule wa 150 unatoboa. Hakuna aliyenifundisha. Hakuna aliyeniuliza pia.

Taabu ilikuwa yale mabomba mawili marefu ya juu, yanayotoka kwenye kiti mpaka mkiani. Ramani inataka upana wa sehemu saba kwa nane za inchi, yaani milimita ishirini na mbili na nukta mbili, na unene usiofika milimita moja. Bwana Mdogo, mpwa wake Meneja, aliyesoma uhandisi kwao, akapiga hesabu akaandika: bomba la 20, unene 1. Alisema chuma kilichomo ni kile kile, na uzito ni ule ule.

Hesabu yake ilikuwa sawa. Mimi mwenyewe niliirudia mara mbili.

Lakini bomba linalovutwa huulizwa lina chuma kiasi gani. Linalosukumwa huulizwa lina upana gani. Ndege ikitua vibaya mkia unapigwa kutoka chini, na yale mabomba ya juu yanabanwa ncha kwa ncha. Bomba refu likibanwa halivunjiki, linajikunja. Mtu yeyote aliyesimamisha na kukandamiza mwanzi wa msitu wa Mau kando ya kijiti chembamba chenye uzito kama huo anajua kipi hujikunja kwanza. Kitabu kimoja kilichochanika, nilichokiokota karakana ya reli Kisumu, kinasema chukua upana, toa unene, zidisha kinachobaki kwa chenyewe, tena kwa chenyewe, kisha zidisha kwa unene. Bomba la inchi linatoa kama 8,600. La 20 linatoa 6,859. La 22, unene huo huo wa 1, linatoa 9,261.

Nilimwonyesha karatasi, nikamwomba tutumie la 22. Aliitazama kama mtu anayetazama barua ya mwingine, akasema, "Wewe choma tu."

Jumatano nikakataa kuchoma.

Sikupiga kelele. Nilizima moto, nikaweka miwani juu ya meza, nikasema mabomba ya juu sitayachomelea kwa 20, kwa sababu siku yakijikunja ndege ikitua, atakayeulizwa ni aliyeshika moto. Bwana Mdogo akaenda kumwita mjomba wake.

Meneja hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alisikiliza pande zote mbili, akasema Jumamosi asubuhi tutayapima mabomba yenyewe. Kisha akanielekezea kiko chake. "Kama wewe nakosa, Jumatatu nakwenda kwenu. Na mimi taandika kwa kipande yako: huyu nakataa kazi."

Ukiandikiwa hivyo, hakuna shamba la chai wala karakana ya reli itakayokupokea. Miaka kumi na mmoja ya kujifunza ufundi kwa kuchungulia mabegani mwa watu, imekwisha kwa mstari mmoja wa wino.

Kipimo nilikitengeneza mimi. Gogo refu la mkaratusi kama wenzo, bomba limesimama chini yake karibu na egemeo, pale ncha moja ilipofungwa, madebe ya maji yananing'inia ncha ya pili. Kila bomba nililichomelea sikio la chuma lenye tundu kila ncha ili lisimame juu ya bolti. Kwa mzigo ulioandikwa kwenye ramani, bomba lilitakiwa kubeba madebe manne yaliyojaa.

Sasa ndipo nikiri jambo langu. Hapa Kericho mvua inakuja saa tisa, na kabla yake unakuja upepo baridi wa kutoka msituni. Chuma chembamba kikipigwa na upepo huo kingali chekundu, kinapasuka. Ndiyo sheria yangu mwenyewe: kuchoma ni asubuhi, na milango imezibwa kwa magunia. Ijumaa nilichoma masikio ya bomba langu saa tisa kasoro robo, mlango wazi. Nilikuwa na haraka. Tena nilikuwa na hasira, nikidhani mwenye haki hapasukiwi.

Jumamosi bomba langu, lile la 22, likapimwa la kwanza. Debe la kwanza, la pili. La tatu halijajaa, tak, bomba likateleza na gogo likaanguka chini.

Bwana Mdogo alicheka. Si kicheko kibaya sana, lakini nitakikumbuka.

Mimi niliona giza. Niliona basi la Kisumu na sanduku langu juu yake. Aliyeinama kuliokota lile bomba ni Arap Soi, seremala wetu, Mkipsigisi asiyesema mengi. Aliligeuzageuza, akapitisha kucha kwenye ufa wa sikio, akanitazama.

"Wewe Mjaluo unajua hesabu," akasema, "lakini mvua hujui. Hii bomba haina kosa. Ni kazi ya jana saa ya mvua hii."

Alisema mbele ya wote. Ningeweza kusema ni sikio bovu, au chuma cha Kisumu. Nikasema ni kweli, bomba halikujikunja, ni mchomo wangu uliopasuka, na kosa ni langu. Nikaomba saa moja.

Meneja akatoa saa yake mfukoni. "Moja," akasema.

Arap Soi ndiye aliyeziba milango bila kuambiwa. Nilichoma polepole, mdomo wa 100, nikaurudisha moto nyuma kidogo kidogo mpaka wekundu ukazama wenyewe. Muda uliobaki nilikaa tu nikitazama chuma kikipoa. Sijawahi kuomba Mungu kwa ajili ya chuma, lakini jana niliomba.

Likarudishwa. Debe la tatu. La nne likajaa mpaka juu, na bomba likasimama kama askari. Wakaanza la tano. Nusu ya debe, bado limenyooka.

La 20 likafuata. Debe la nne lilikuwa nusu tu lilipoanza kutoa tumbo upande, taratibu, bila sauti, kama mtu anayekaa chini kwa uchovu. Hakuna aliyecheka.

Bwana Mdogo akachukua kalamu akaandika 22 kwenye ramani kwa mwandiko wake, na jina lake chini. Sawa. Na aandike. Mgeni akija ataambiwa ni akili ya Bwana Mdogo, na mimi nitakuwa nashika nyundo pembeni. Inaniuma, sitadanganya. Lakini inauma kama jipu lililokwisha kutumbuliwa.

Arap Soi nilimshukuru kwa ugoro. Alisema niache shukrani, nijifunze kutazama mawingu.

Nilipokuwa nakusanya vyombo, Meneja akarudi peke yake. Akaligonga lile la 22 kwa kidole, akauliza, "Ndege nakwisha, wewe taingia ndani na mimi?"

Nilisema ndiyo.

Nilisema kabla ya kupiga hesabu hata moja, mimi ambaye sinunui chumvi bila karatasi na kalamu. Kesho asubuhi, kabla wachumaji hawajafika, nitapanda kwenye mizani ya majani chai nijue nitaiongezea ndege uzito gani.