Nyekundu Zinashinda Dukani

12 Agosti 2007

Mwanangu Kiroboto,

Umeshindaje huko uliko? Sisi hatujambo, ukiondoa koo la mama yako, ambalo nitalifikia. Mimi mgongo unauma kama kawaida, na kama kawaida hakuna anayenihurumia.

Nataka ushauri wako, na usicheke. Hapa dukani kila anayekuja kukodi filamu anaulizia diski za ile picha mpya, ile inayokuonyesha hadi vinyweleo vya mtu. Ziko za aina mbili. Moja inakuja kwenye kasha jekundu, nyingine kwenye kasha la buluu, na mashine ya hii haisomi ile hata uipigie magoti. Nyekundu mashine yake ni nafuu. Buluu inabeba vitu vingi zaidi. Kinyozi wa jirani anaapa kwa buluu, kwa sababu mashine ya michezo ya wanawe inazisoma. Fundi cherehani anasema kinyozi hajui kitu, nyekundu ndiyo yenyewe. Wamenuniana tangu Jumatatu. Wewe unauza vitu hivi, unawaona wanunuzi kwa macho yako. Niambie ipi, maana mashine nitakayoagiza ni moja tu.

Sasa mama yako. Daktari amesema uvimbe wa kooni lazima utolewe, na huenda sauti ikaondoka nao. Amelipokea hilo vizuri kuliko mimi. Jana alivaa blauzi yake ya kijani, akakaa kwenye benchi la dukani, akaniamuru nichukue ile kamera uliyonitumia. Amekuzungumzia dakika arobaini nzima. Mimi nyuma ya kamera kazi yangu ilikuwa kunyamaza, na nilishindwa mara mbili. Mwishoni akakuita kama alivyokuwa akikuita ulipokuwa unacheza nje na chakula kimeshapakuliwa: "Kirobotooo!" Wateja wawili waligeuka kuangalia nani anaitwa.

Nataka nikuchomee hayo kwenye diski itakayodumu. Kwa hiyo usidhani nauliza kwa ajili ya duka tu.

Baba yako


3 Septemba 2007

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, ila miguu. Naandika kwenye mapumziko ya robo saa, nimekalia sanduku la televisheni huku stoo. Nilimpigia mama Jumapili. Nikataka azungumze, azungumze tu chochote, akasema ameshayamaliza yote kwenye kamera, nisubiri diski. Kisha akaniuliza kama nakula.

Kuhusu swali lako: hapa kwetu nyekundu zinashinda dukani, buluu zinatoka tu. Sasa utajua mwenyewe la kufanya. Msimamizi ameshaanza kunitolea macho, naacha hapa. Mwambie mama simsahau hata dakika moja.

Mwanao Kiroboto


28 Oktoba 2007

Mwanangu Kiroboto,

Umeshindaje? Mama yako ametoka hospitali na uvimbe umeisha. Sauti nayo imekwenda, kama daktari alivyotuambia. Siku alipozinduka alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Nilitoka nje nikasimama pale kwenye maegesho, sijui kwa muda gani. Sasa ana daftari dogo, amelifunga utepe na kulivaa shingoni. Neno la kwanza aliloandika lilikuwa juu yangu: "Umekonda. Nani anakupikia?"

Ushauri wako nimeufuata neno kwa neno. Nyekundu zinashinda, buluu zinatoka! Nilimsomea kinyozi barua yako mbele ya wateja, akanywea. Fundi cherehani amempigia makofi binti yangu asiyemjua. Mashine nyekundu imefika, inasoma na kuchoma, na sehemu ya mama yako nimeichoma mwenyewe. Diski tupu niliyopata ilikuwa moja tu, na mama yako ameandika kwamba hiyo ni yako, isikae hapa. Nimempa muuguzi anayesafiri kuja huko.

Mkanda wa kamera nimeutumia tena kwenye harusi ya mwana wa fundi cherehani. Unajua baba yako, mkanda mmoja naurudia hata mara tano. Niandikie ukishaitazama.

Baba yako


9 Machi 2008

Baba, shikamoo.

Nimechelewa kuandika makusudi ili hasira ipoe, nayo haikupoa. Diski ilifika mwezi wa kumi na moja. Nilijifungia chumbani, nikaiweka kwenye mashine, ikatemwa. Nikaiweka tena, ikatemwa tena. Mashine yangu ni buluu, baba, kama za watu wote ninaowafahamu. Nikasema nitaazima nyekundu mahali. Mwezi uliopita wanaozitengeneza wametangaza kwamba wameacha. Mimi mwenyewe ndiye niliyeambiwa niziondoe rafuni na kuzitia kwenye maboksi.

Nilikuandikia waziwazi. Ukaniuliza, nikakujibu, ukafanya kinyume, halafu unaniandikia kwamba umenifuata neno kwa neno! Ndivyo ulivyo siku zote, unamuuliza mtu ili upate wa kumpinga. Na sauti ya mama umeifuta kwa ajili ya harusi ya watu. Hilo sijui nitakusamehe lini.

Mwanao


2 Aprili 2008

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Nilifanya ulivyoandika. Kama hilo huliamini, sina jingine la kukuambia.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako


17 Juni 2014

Baba yangu, shikamoo. Shikamoo tena.

Hamjambo huko? Kadi za mama huwa zinanieleza habari zako mstari mmoja mmoja: mgongo, miwani mipya, duka umelifunga. Miaka sita nimekuwa nikimjibu mama na kumwandikia "msalimie baba", kama vile wewe ni jirani. Naona haya hata kuandika hivi.

Juzi ameajiriwa kwetu dada mmoja mzungumzaji wa Kiswahili. Tulikutana jioni tukibadilishana zamu, mimi nimebeba boksi la redio, akaniambia, "Umeshindaje, dada?" Nikamjibu nimeshinda salama. Kisha nikasimama palepale na boksi langu mpaka akaniuliza kama naumwa.

Baba, niliandika nyekundu zinashinda dukani. Nilimaanisha zimo humo asubuhi hadi jioni, zinapigwa na vumbi, hakuna anayezigusa. Wewe ukasoma zinapata ushindi. Nikaandika buluu zinatoka, yaani watu wanazinunua na kuondoka nazo. Wewe ukasoma zinaaga. Neno lenyewe ni lile ulilokuwa ukinifungulia nalo kila barua, "umeshindaje", na mimi sikuliona. Hukunipinga. Ulinitii, nami nikakutukana kwa kunitii. Ulipoandika kwamba ulifanya nilivyoandika, ningeweza kusimama dakika moja tu nikajiuliza niliandika nini.

Naomba unisamehe, baba. Sina la kujitetea.

Mwanao Kiroboto


6 Julai 2014

Mwanangu Kiroboto,

Umeshindaje? Na nisisikie umeshinda nani!

Nimeisoma barua yako kibarazani, nikacheka, halafu nikalia, mama yako akatoka na mwiko akidhani nimeanguka. Nilimpa asome. Alicheka yule, mabega yanatikisika, bila sauti, mpaka akaketi chini. Nimemwita na kinyozi. Anasema nina deni la kumwomba radhi mbele ya wateja walewale, nami nimemwambia nusu yao wameshakuwa na vipara, hawamhitaji.

Mimi nami nina kosa langu. Ningekurudishia ile barua yako usome mwenyewe, mambo yangeisha wiki ileile. Niliona kumwonyesha mwanangu ushahidi ni kujishusha. Nimeukumbatia ukubwa wangu miaka sita, na haukuniletea hata salamu.

Sasa sikiliza habari njema. Mashine nyekundu ninayo! Duka nimefunga, kabati nimeuza, mashine nikakataa. Iko chini ya meza, nimeifunika kitambaa, na kila mwezi naiwasha ili isigande. Inasoma vizuri kabisa. Wewe una diski, mimi nina mashine. Itume na mtu unayemwamini, au bora uje nayo mwenyewe. Mama yako hajaisikia sauti yake tangu siku ile ya hospitali. Ameshaitoa ile blauzi ya kijani, haimwenei tena, lakini anasema ataivaa hivyohivyo.

Baba yako


30 Novemba 2014

Baba, shikamoo. Shikamoo mama, maana najua unaisoma pembeni yake.

Barua hii nimeianza mara nne. Mama aliponiuliza kwenye kadi kwa nini niko kimya, nikamdanganya kwamba kazi zimenibana.

Diski sina. Mwaka 2010 nilihama chumba. Nilikuwa napanga vitu, vya kubeba huku na vya kutupa kule, nikaishika. Ilikuwa bado na mwandiko wako, "Kwa Kiroboto". Nikajiambia haina mashine tena duniani, na bado nilikuwa na hasira na wewe, baba, nisiseme uongo. Nikaiweka upande wa kutupa. Gari la taka lilipita asubuhi, nililisikia.

Wewe mkanda uliufuta hujui. Mimi niliitupa nikijua ni nini. Mama, sikuwahi kusikia hata neno moja kati ya yale uliyoniambia. Sijui niwaombe nini, hata msamaha naona ni mkubwa kwangu.

Mwanao


18 Januari 2015

Mwanangu Kiroboto,

Umeshindaje? Jibu kwa ukweli, na siku ukiwa umeshinda vibaya uniandikie hivyohivyo.

Sikuficha kitu. Mama yako aliisoma barua, akaikunja, akaenda kumwagilia maua yaliyokwisha kumwagiliwa. Nami nilikaa na ile mashine, kitambaa mkononi. Kesho yake asubuhi akaketi mezani na daftari, akaniomba kalamu inayoandika vizuri. Ameandika siku tatu. Ameandika siku uliyozaliwa, na ile homa yako ulipokuwa na miaka miwili, na namna ya kuchagua mtu wa kuishi naye, hapo amenitaja na sitaki maswali. Kurasa kumi na moja. Anasema ndiyo yaleyale aliyoyasema kwenye benchi, kwa kadiri anavyokumbuka. Zote nimezitia humu.

Nikamkumbusha kwamba mwishoni alikuita. Nikamwambia nitakupigia simu nikuite mimi, maana naijua ilivyokuwa. Nikajaribu hapohapo sebuleni. Akatikisa kichwa. Nikajaribu tena, nikavuta zaidi. Akaniwekea kiganja mdomoni.

Kisha akachukua ukurasa mtupu, akaandika jina lako, Kiroboto, na mwishoni akaendelea kuandika ile o, moja baada ya nyingine, polepole, mpaka mstari ukaisha, akashuka wa pili, na wa tatu, mpaka ukurasa ukajaa. Ukurasa huo ndio wa juu kabisa kwenye bahasha. Njoo nyumbani.

Baba yako