Kongosho la Doria

Jumatatu, 5 Januari 2026

Doria tena. Mavi ya manjano, yanang'aa mafuta — lundo la ng'ombe, si la mbwa! Anamaliza sufuria nzima ya ugali na dagaa, na bado mbavu zake naweza kuzihesabu nikiwa mlangoni. Leo nimempakia kwenye gari ya mayai, nikampeleka mjini kwa Dokta Shamsi, daktari wa mifugo. Kilo kumi na saba. Mwaka jana alikuwa na ishirini na nne.

Dokta amemtoa damu, inapelekwa Dar kupimwa. Laki na themanini! Riyama nimemwambia elfu themanini. Mke wangu hapendi kusikia laki na mbwa katika sentensi moja.

Alhamisi, 8 Januari

Majibu yametoka. Ni kongosho. Dokta amenieleza kwa simu: kongosho la Doria halitoi tena maji ya kuyeyushia chakula. Kinaingia, kinapita, kinatoka karibu kama kilivyoingia. Mbwa anakufa kwa njaa na tumbo limejaa.

Hakuna kupona. Kuna dawa tu, inachanganywa na chakula kila mlo, mpaka mwisho wa uhai wake. Inatoka ng'ambo kupitia Dar. Kopo moja laki na arubaini, linatosha kama wiki mbili na nusu.

Nikauliza, mpaka mwisho kweli? Akasema, mpaka mwisho.

Trei ngapi za mayai hizo? Sikutaka kupiga hesabu. Nimepiga. Kumi na nne.

Jumamosi, 10 Januari

Ngawa ameingia bandani alfajiri. Kuku sita! Doria alikuwa amelala hatua kumi tu kutoka pale, hakuinua hata sikio.

Riyama hakupiga kelele. Bora angepiga. Alikuwa barazani anachagua mchele, akasema bila kunitazama: "Baba Wakil, mbwa tulikubaliana wa kulinda. Dini imetupa nafasi hiyo na mie nkakubali. Sasa huyu halindi. Analindwa yeye."

Akaendelea: Ramadhani ikiingia na bado yuko hivi, Dokta aje na sindano yake, apumzike yeye na sisi tupumzike. Zimebaki kama wiki tano na nusu.

Ana haki. Hilo ndilo linaloniudhi. Miaka tisa huyu mama anaishi na mbwa uani, anakunja kanga akipita, hajawahi kumnyima maji. Na mimi miaka tisa nina nguo zangu za mbwa, zinatundikwa bandani, haziingii nyumbani. Mzungu wa Paje aliyeniachia Doria alipofunga hoteli yake aliniambia mbwa atanizoea baada ya wiki. Alinizoea siku ileile. Nampenda mbwa huyu. Haya, nimeandika.

Jumatatu, 12 Januari

Sikukuu ya Mapinduzi. Kwa Dokta kumefungwa, dawa haijavuka. Nimempima Doria kwa mizani ya chakula cha kuku. Kumi na sita na nusu.

Jumatano, 14 Januari

Dawa imefika! Kopo jeupe, maandishi ya Kijerumani matupu. Ndani kuna chembe ngumu. Dokta amesema lazima zisagwe ziwe unga, unga uchanganywe na chakula cha uvuguvugu, kikae dakika ishirini, ndipo ale. Dakika ishirini — kamwambie mbwa mwenye njaa! Alilia mpaka jirani akachungulia.

Kuzisaga ndiyo kazi. Nimejaribu jiwe, zinaruka. Nimejaribu chupa, zinaruka. Riyama alikuwa amekwenda kwenye kikoba chao cha akiba. Nimechukua kinu chake kidogo cha hiliki, nikatwanga, nikakisuuza, nikakirudisha mahali pake. Dawa ni dawa. Na mbwa mwenyewe hakukigusa.

Jumanne, 20 Januari

Choo kigumu! Nilisimama juu yake nikitabasamu kama mtu aliyeokota pete. Kilo kumi na saba na nusu.

Kinu nakichukua kila siku, Riyama akienda dukani au akiwa anasali. Nakisuuza vizuri.

Ana oda kubwa: vileja mia nne, biskuti za samli, vya harusi ya Uroa, kwa Bi Mwanamwema. Si mteja wa kuchezea huyo, nusu ya pwani huagiza kupitia kwake. Kesho Riyama anaanza kuoka.

Alhamisi, 22 Januari

Nyumba nzima inanukia samli na hiliki. Nimekula vileja sita, vile vilivyovunjika. Riyama anasema vilivyovunjika vilikuwa viwili.

Jumanne, 27 Januari

Amebweka! Ngawa alikuwa kwenye ukingo wa paa la banda, Doria akamtoa mbio mpaka kwenye migomba. Hakuna kuku hata mmoja aliyepotea. Kilo kumi na tisa na robo.

Riyama alipita na ndoo, akasimama, akamtazama. "Kanenepa," akasema. Kwa Riyama hiyo ni hotuba. Bi Mwanamwema naye amepiga simu kusifu vileja, ameagiza vingine mia tatu vya wiki ijayo. Siku njema.

Ijumaa, 30 Januari

Kopo linakaribia kwisha. Salhiya, binti wa jirani anayesoma chuo hapa Tunguu, alikuja kununua mayai. Nikamwomba alisome kopo kwa simu yake, ile inayotafsiri, pengine ipo dawa ya namna hiyo ya bei nafuu. Akasoma.

"Ami, hii imetengenezwa kwa kongosho la nguruwe."

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Nguruwe.

Nikamwomba asimwambie mtu. Akacheka, nimwambie nani, ami, si dawa ya mbwa tu? Hajui habari ya kinu.

Siku kumi na sita. Vileja mia nne. Pilau za Ijumaa mbili na hii ya leo. Harusi nzima ya Uroa! Sikuweza kula chakula cha usiku. Nimesema tumbo.

Jumamosi, 31 Januari

Dokta anasema alidhani najua. Mimi nilidhani angeniambia. Tumeachana hapo. Kumbe kongosho bichi la ng'ombe linafaa vilevile: linakatwakatwa, linachanganywa na chakula, basi. Nimekwenda kwa Hasan anayechinja ng'ombe. Amenicheka. "Yakhe, hayo sisi twayatupa! Njoo uchukue bure." Bure! Na mimi nimetoa laki na arubaini kununua balaa.

Baada ya adhuhuri nimemuuliza Maalim Borafya msikitini. Nikasema ni kisa cha rafiki yangu. Akajibu kwa upole: waliokula bila kujua hawana kosa. Chombo kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Nikashukuru, nikavaa viatu. Nilipofika mlangoni akaongeza: "Na huyo rafiki yako amwambie mwenye chombo."

Sikugeuka.

Jumapili, 1 Februari

Riyama alikwenda mjini kwa dada yake, arudi jioni. Nimeosha kinu na mchi. Mara saba, ya kwanza kwa udongo. Nikavianika juu ya ukuta. Lakini kinu cha mti hakikauki haraka, na udongo umebaki kwenye nyufa. Na Riyama amerudi alasiri.

Alisimama mbele ya ukuta, buibui hajavua. Akaingiza kidole ndani ya kinu, kikatoka na udongo. Mwanamke wa hapa akiona udongo kwenye chombo cha chakula hahitaji kuelezwa.

"Doria kakilamba?"

Nikautazama udongo kidoleni mwake. Nikisema ndiyo, namletea Doria sindano. Nikisema siyo, basi ni nini?

Akaona nimekiri. Akavuta pumzi ndefu. "Mnyama hana kosa. Hajui. Mwenye kosa ni aliyekiacha wazi." Sindano hakuitaja! Akasema atanunua kinu kingine, hichi apewe mbwa. Nilitaka kulia.

Akafika mlangoni, akasita.

"Kakilamba lini? Hiliki ya vileja vya Bi Mwanamwema nliitwanga Jumatano ile. Kabla au baada?"

Baada. Herufi tano tu. Nikizisema, Riyama atalala usingizi wake, Doria atakuwa na kongosho la bure, na Uroa hawatajua kitu. Nimeona jinsi alivyokuwa akinitazama: alikuwa tayari kuniamini.

Nikamwambia ngoja nifunge kuku kwanza.

Niko bandani, naandika juu ya gunia. Kuku nimewafunga zamani. Yeye amekaa barazani, simu mapajani, anangoja neno langu ajue kama ampigie Bi Mwanamwema au asimpigie. Ananiita. Nimeitika naam. Sijainuka. Ananiita mara ya pili.