Jumamosi kwa Mzee Kiptanui

Kitale,
Jumapili jioni.

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa binti yako. Mimi sijambo. Je, goti lako limepata nafuu? Na shamba huko Tongaren, palizi imeisha? Mwambie ndugu yangu Hillary nimepata barua yake.

Mama, uliponipigia simu juzi ulisema kwamba kanisani mlitoa shukrani kwa sababu nimeajiriwa hata kabla vyeti vya chuo havijatoka. Niliitikia amina. Tena ulimuulizia Wangui, mwenzangu wa darasani aliyekula Krismasi kwetu. Nilikwambia yuko sawa. Nilikudanganya.

Wangui alinishinda kila mtihani. Injini ya trekta ni yeye aliyenieleza mpaka nikaelewa. Lakini siku ya mahojiano ya kazi hii, tulipoenda sote wawili, hakuna aliyetuuliza alama. Kila mmoja alipewa injini iliyokataa kuwaka. Mimi kwa miaka miwili nilikuwa nimefanya kazi kila Jumamosi katika gereji ya Mzee Kiptanui, kwa hivyo nilifungua pampu ya dizeli, nikatoa hewa, ikawaka. Wangui alisimama na spana mkononi, anajua jina la kila kifaa, hajui aanzie wapi. Msimamizi alimwambia arudi akishapata uzoefu. Sasa anauza viazi sokoni na mamake.

Hili linalofuata sijamwandikia mtu mwingine. Mwaka jana Mzee Kiptanui aliniomba nimletee mwanafunzi mmoja zaidi. Wangui alikuwa ameshanisihi mara tatu nimuulizie. Nikamwambia, "Mzee amesema hakuna nafasi." Niliogopa kwamba akishaizoea kazi, mimi nitaonekana si kitu.

Jana nilienda sokoni nikamwambia yote. Aliendelea kupanga viazi vyake, kisha akasema, "Si ungeniambia tu, Nabwile, tungeenda pamoja."

Nilikuwa nimeshamwomba Mzee, naye amekubali aanze kesho. Wangui alisema ataenda. Nilipojitolea kumsindikiza alikataa. Alisema njia anaijua, kwani mwaka jana alifika hadi langoni kuuliza mwenyewe, akageuka kwa sababu aliniamini.

Nisalimie Baba na Shangazi Lenah. Naomba usinipigie simu kwanza, Mama. Niandikie, hata kama ni kunigombeza, nisome nikiwa peke yangu.

Ni mimi mwanao,
Nabwile