Kinanda Bila Mwimbaji

6 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Koo lako limepona? Sisi tupo. Baba yenu mwili mzima, ila kichwa kinasahau. Juzi alinitafuta nyumba nzima nikiwa nimekaa pembeni yake.

Tangu tumzike ndugu yako, redio haiachi kupiga ule wimbo wenu uliovuma. Nangoja kinanda chake kianze, na kikianza tu, mwimbaji anaingia juu yake. Simlaumu, ndiyo kazi yake. Lakini nataka kumsikia mwanangu peke yake, hata mara moja. Wewe una mashine zako huko chumbani. Unaweza kumtoa humo?

Mama

19 Februari

Shikamoo mama,

Koo limepona, asante. Kumtoa kwenye wimbo imeshindikana, wameshaungana kama sukari na chai. Basi nimekitengeneza upya. Kinanda changu sauti yake kali, chake kilikuwa kizee, kwa hiyo nimeifubaza na kuitia mtetemo mpaka zikalingana. Noti zote ni zake. Flashi iko ndani ya bahasha. Godoro nimelisimamisha ukutani kuzuia mwangwi, nalala sakafuni. Usinicheke.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Nimecheka. Godoro ni la kulalia.

Asante kwa kazi. Sauti ni ile ile, lakini anayecheza simjui. Huyu ana haraka ya kufika. Wangu kidole chake cha mwisho kiliungua kwa pasi akiwa mdogo, hakikukunjika vizuri tena, kwa hiyo ile noti ya juu ilichelewa kidogo. Mwalimu wa kwaya alimgombeza sana. Mimi nilikuwa naingoja jikoni, mwiko mkononi. Usinichoke.

Mama

17 Machi

Shikamoo mama,

Umenikamata. Nilicheza kwa kuchelewa kama yeye, lakini niliiacha kompyuta inyooshe mapigo, ikazirudisha noti zote kwenye mstari. Safari hii nimeizuia. Nimekifunga kidole changu kitambaa kisikunjike, nikacheza mara moja tu. Sikuweza kujisikiliza. Nakutumia kama ilivyo. Msalimie mzee.

Mwanao

30 Aprili

Mwanangu,

Samahani kwa ukimya wangu. Flashi ilifika.

Niliiwasha chumba cha nyuma, mlango nimefunga. Noti ilipochelewa nikashika ukuta. Ni yeye. Mara baba yenu akagonga: "Mwambie aje ale kwanza, atacheza baadaye."

Nikamwambia ukweli, kwamba tulimzika. Akalia kama mtu anayepewa habari sasa hivi, maana kwake ilikuwa sasa hivi. Nikaificha flashi. Asubuhi alikuwa amesahau msiba, lakini kinanda hakukisahau. Akawa anakaa nje ya kile chumba. "Mbona hachezi? Umemgombeza?" Nikamwambia tena. Akalia tena. Kumfisha mtoto wake kila kukicha, mwanangu, nimeshindwa.

Kwa hiyo usitengeneze nyingine, na hii usiifute. Jioni naiwasha mle chumbani, nafunga mlango, tunakaa wote kwenye benchi nje. Ikiisha, baba yenu anasema, "Ametoka."

Nami naitikia, "Ndiyo, ametoka."

Mama