Nzilani na mizani ya mahindi

Kalunde, weka chini hiyo kazi usome hii.

Unamjua Nzilani wa duka la hardware, yule anakaa kwa kiti kutoka asubuhi mpaka jioni na bado anatuhubiria diet? Miezi miwili ametusumbua na raba zake mpya za mazoezi. Chapati ni sumu. Soda ni sumu. Yeye kila jioni anatembea kutoka kazini hadi stage ya matatu ya Kitengela, sisi wengine ni wavivu.

Leo akajipeleka mwenyewe apimwe. Kwa mzee Kiama, kwa mizani ya magunia ya mahindi, soko lote likiangalia.

Kilo tisini na sita. Na alianza na themanini na tisa.

Badala ya kunyamaza, akamwambia mzee wa watu ati mizani yake ni ya wizi. Kiama akainuka. Aliweka gunia la kilo tisini, mizani ikasoma tisini kamili, akarudi kukaa.

Nzilani akasema ni viatu. Akavua raba, akavua sweta, akapanda tena.

Tisini na tano, Kalunde. Tisini na tano.

Bado amesimama hapo juu miguu mitupu, Roy wa mutura, yule wa kuchoma matumbo yaliyojazwa nyama, akamwita kutoka ng'ambo ya barabara: "Madam, leo hupitii ile yako ya baada ya zoezi? Nimekuwekea ndefu, kama kawaida."

Akatuambia mutura si kula, ni ya kurudisha nguvu.

Kisha akashuka, akaenda kuichukua. Raba ameziacha kwa mizani.