Kovu Kando ya Kidole cha Mwisho

Mjukuu wangu Kalunde,

Marahaba, mama. Huku Ntalikwa hatujambo. Babu yako amerina asali, na dumu lako amelificha hata mimi silioni.

Umeniandikia kwamba picha ya kliniki imeonyesha mtoto ana vidole sita mkononi, ukauliza mmekosa nini. Hamjakosa kitu. Mimi nilizaliwa hivyo hivyo. Mama yangu alikifunga kidole cha sita kwa uzi kikaanguka, likabaki kovu kama punje ya mtama.

Nilipokuwa msichana tulikwenda Urambo kuchambua tumbaku. Mwanamke nisiyemjua, aliyekaa mbele yangu, aliinua jani kwenye mwanga, nikaona kovu langu mkononi mwake. Naye akaliona langu. Akauliza taratibu, "Wewe mtoto wa nani?" Nilipomtaja baba, alilia. Alikuwa dada yake, aliyeondoka nyumbani kabla sijazaliwa.

Daktari wako anasema mkono wa mtoto tumboni huanza kama kijiko kidogo, kisha vinasaba huelekeza mifupa ya vidole iote wapi. Basi siku hizi nikifumba macho naviona vikitembea kimya, kama misafara ya kale iliyopita hapa kwetu, vimebeba mzigo wa shangazi na wangu, vikampita mama yako, vikakupita wewe bila kupiga hodi, hadi kwa mwanao.

Kuhusu kukiondoa, msikilizeni daktari. Ila msiharakishe, nije kwanza nikishike. Changu sikuwahi kukishika.

Bibi yako