Mje na Miguu Safi

Jumapili, 24 Machi

Wamenichagua! Alhamisi Kuu nitakaa mbele na wenzangu kumi na mmoja, mchungaji atuoshe miguu kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake. Wamechelewa tu. Zege la sakafu ya kanisa lile alilimwaga nani? Mimi! Mpaka leo haina ufa wa kupitisha hata unywele. Kwa hiyo kunikalisha juu yake wala si hisani.

Nikamwambia mke wangu. Akafurahi. Halafu akasema, na mimi niombee nafasi. Nikadhani anatania. Hatanii. Tangu kidonda kimshike mguuni — sukari hiyo — haendi kanisani, anasema watu wanahama benchi. Anataka siku moja mguu ule uguswe na mtu anayesali, si mtu anayekunja pua. Nikamwambia niachie mimi. Nikisema neno kanisani pale, limesemwa.

Jumatatu, 25 Machi

Mazoezi. Ndiyo, mazoezi ya kuoshwa miguu! Beseni kavu, jagi tupu, mchungaji anainama, mpiga picha anamwambia inua kidevu. Katibu wa kamati tunamwita Manukato, maana harufu yake hupita mlangoni, ndipo yeye anafuata. Akatutangazia: mje mmeshaosha miguu, kucha mmekata, mafuta mmepaka. Nikauliza, sasa mchungaji ataosha nini? Watu wakacheka. Manukato hakucheka. "Mzee, ile ni ishara tu."

Ishara! Ningewapigia lipu ya ishara, leo wangesalia wapi?

Akakitazama kidole changu gumba cha mguu, kile kilicholiwa na saruji. Akasema labda nikae pembeni, upande usio na kamera. Ptuu! Mguu huu ulikanyaga zege la kanisa hili yeye ananyonya.

Ya mke wangu sikuyasema. Hasira ilinijaa mdomoni. Kesho.

Jumanne, 26 Machi

Nimekwenda ofisini kwa mchungaji. Manukato naye yupo, hakosekani. Nikasema mke wangu anataka kukaa kwenye kiti kile. Mchungaji akaitikia vizuri, karibu sana, Mzee. Kisha akauliza, "Ni mguu ule wenye kidonda?" Nikasema ndio huohuo. Akamtazama Manukato. Manukato akatazama dirisha. Yakaanza maneno laini laini — mambo ya afya, sijui waumini, sijui picha. Mwisho wake: ataoshwa mguu mzima tu, ule mwingine ufungwe nailoni.

Nailoni! Mke wangu ni nyama ya buchani?

Nikawaambia, Bwana aliwashika wenye ukoma kwa mkono mtupu, nyinyi mnaogopa bibi mmoja! Nikagonga meza hata kikombe kikaruka. Nikajitoa. Watafute miguu mingine ya kupiga picha. Mchungaji alibaki anafungua na kufunga kifuniko cha kalamu.

Njia nzima natema mate. Wanainama, lakini hawashuki. Maneno hayo nimeyatunga mwenyewe, ni mazito, nayaandika hapa yasipotee.

Jumatano, 27 Machi

Jana jioni nilimsimulia mke wangu nilivyowapasha. Nilingoja anisifu. Alikuwa ameweka mguu kwenye kigoda, binti yetu anafungua bendeji. Nikainuka kama kawaida yangu niende uani. Harufu ile siiwezi, ndivyo nilivyoumbwa.

"Kaa umalizie," akasema mke wangu.

Nikamwambia nitamalizia nikirudi.

Akacheka! "Wenzako angalau walitafuta nailoni. Wewe mume wangu unahama nyumba."

Binti akainamisha kichwa, mabega yanamtikisika. Alikuwa anacheka au analia, sikujua.

Kunifananisha mimi na Manukato! Mimi niliyemjengea nyumba hii, dawa nanunua, nimempigania mbele ya mchungaji! Chakula nilikisukuma. Kila kitu kinanitia kinyaa, hata mimi mwenyewe sijipendi leo.

Asubuhi hii nimemuuliza binti, harufu ile unafanyaje? Akasema, "Naimba moyoni, Baba. Ule wimbo wa Meza ya Bwana. Ukiisha, na kazi imeisha." Kila siku? Kila siku. Hiyo nayo ni ibada? Haina spika. Haina kiti cha mbele. Sijui. Mtu hata hajui kama anasali, na mimi nilikuwa uani.

Alhamisi, 28 Machi

Binti ameitwa zamu, chumba cha kufulia cha hoteli anakofanya kazi kimejaa mashuka ya wageni. Harudi leo. Mlangoni akaniambia, Baba, kidonda kisilale bila kuoshwa, daktari ameshataja kuukata mguu. Maji yawe vuguvugu. Hakunibembeleza. Alisema kama mtu anayemwachia jirani ufunguo.

Jioni. Spika za kanisa zinafika mpaka hapa. Mke wangu amevaa gauni lake la kanisani, amekaa, mguu kwenye kigoda. Alijaribu kufungua bendeji mwenyewe, mgongo ukamkatalia. Nikapiga magoti. Yalilia kama bawaba kavu. Nikafungua mzunguko wa kwanza. Wa pili. Wa tatu umegandia kwenye nyama — Mungu wangu! Nikakimbilia jikoni. Nimetapika. Mimi, niliyebeba mifuko ya saruji miwili miwili!

Naandika nimesimama kwenye sinki. Nimejaribu wimbo wa binti, ubeti wa pili umenitoka. Kwenye spika mchungaji anasema sasa tunashuka, kama Bwana wetu alivyoshuka. Makofi! Nani anapiga makofi mtu akioshwa miguu? Na mimi nani wa kuuliza, nikiwa huku jikoni.

Mke wangu ameita. Hakusema njoo. Ameuliza tu, taratibu, "Niifunge tena?"

Nimejibu asifunge, nakuja. Nimejibu kwa sauti kubwa, nadhani hata jirani amesikia.

Ameuliza tena.

Nimejibu tena, nakuja. Na bado naandika.